Vema na Mkasi

Mwezi huu nimepewa kalamu na ubao,
nikae pembeni katika wodi ya njiti, hospitali ya Ibra,
nijifanye napanga nepi
kumbe nahesabu mikono.
Anayenawa kabla ya kugusa: vema.
Anayepita moja kwa moja: mkasi.
Kazi nyepesi, alisema msimamizi,
kama kuhesabu mafundo ya kanga
soko la wanawake, Jumatano.

Julai. Tangi liko juu ya paa,
jua limelipika tangu alfajiri,
bomba la baridi linatoa maji ya chai.
Shijimol hunyoosha vidole, huvirudisha, hucheka,
hunawa hivyo hivyo
akiwataja watakatifu wa kwao Kerala.
Vema.
Vifundo vyake vimepasuka kama wadi isiyopata mvua.
Spiriti ikiingia humo
najua inavyouma; ninayo mipasuko yangu.

Alhamisi, Dokta Mundhir kaingia na harufu ya udi,
kanzu imenyooka, saa ya babake mkononi.
Huzungumza na wazazi taratibu,
hukaa chini ili asiwatazame kutoka juu.
Nampenda kwa hilo.
Chupa ya dawa iko ukutani, hatua mbili.
Hakuitazama.
Kafungua kisanduku cha joto namba tatu,
kamgusa mtoto kifuani kwa ncha za vidole.
Kalamu yangu ikasimama.
"Nimetoka kutawadha sasa hivi," akasema,
sijui kaniona saa ngapi.

Udhu, Dokta, ni wa kusimama mbele ya Mola.
Huyu ana gramu mia tisa,
hajui kusimama.
Hayo niliyasema usiku, peke yangu.
Mchana niliandika vema.

Karatasi ina safu ya daktari,
ya muuguzi, ya mgeni.
Rafiqul mwenye ndoo hana safu.
Ndiye anayejaza chupa, ndiye anayenawa
akiingia, akitoka, akishika kitasa,
mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayetazamwa.
Namtazama mimi tu
na sina pa kumwandika.

Jumapili mtoto namba nne akabadilika rangi.
Maabara wakapiga simu: kuna mdudu damuni,
wakamtaja kwa jina refu la Kilatini
kama mgeni wa heshima.
Usiku huo gari likampeleka Maskati,
mama yake nyuma, hina ya arusi ya dadake
imefutika viganjani kabla ya siku zake.
Kila mara nilimwambia: nawa kwanza, Mama Muatasim.
Kila mara alinawa.

Bibi yangu, aliyekuja huku kutoka Pemba na sanduku moja,
alizoea kusema mkono mmoja haulei mwana.
Hakuniambia kwamba mmoja unatosha kumpoteza.

Nilitaka kumkasirikia Dokta Mundhir.
Nikafungua faili, nikafuata saa kwa saa.
Hakumgusa namba nne.
Usiku wa kuamkia Ijumaa, saa nane na robo,
kengele mbili zililia pamoja,
mpira wa hewa wa namba nne ulichomoka
nami nikaruka kutoka namba tatu.
Nilikwenda na mikono ya namba tatu.
Nimejaribu kuukumbuka ule ubaridi wa dawa,
unavyoshtua kiganja kisha ukapotea.
Siukumbuki.

Leo msimamizi kaja kuchukua karatasi.
Asilimia tisini na sita! Tuibandike mlangoni.
Nikamwomba anirudishie kidogo.
Vema ya Dokta nikaipitishia mstari,
mmoja tu, ikawa mkasi.
Rafiqul nikamchorea safu kwa mkono, imepinda.
Kisha chini kabisa, nje ya mistari,
jina langu, saa nane na robo,
na mkasi.
Akasoma. Akaondoka bila kusema neno.

Maskati hawajapiga simu.
Nimefungua bomba, maji yanaunguza,
naingiza kidole kimoja kimoja.